Kanzu nyeupe, uso mweusi: nguvu ya picha ghafi kwenye simu ya kawaida

Asubuhi ya Idi, watu wakitoka msikitini na jua limeshapanda kidogo, kamera ya simu hupewa mtihani unaozitoa jasho hata kamera kubwa. Mzee mweusi amesimama na kanzu nyeupe iliyonyooshwa kwa pasi, kofia ya viua kichwani, jua likiwa mgongoni, na nyuma yake ukuta wa chokaa unaomeremeta. Ukipima mwanga usoni, kanzu inaungua: tarizi la shingoni linapotea, kifua kinabaki bapa jeupe lisilo na kitu. Ukipima kwenye kanzu, uso unazama gizani, macho hayaonekani. Ukiiachia simu iamue yenyewe, inafanya jambo la tatu. Inaunyanyua uso, inaushusha ukuta, inayalainisha mashavu, kisha inampa mzee rangi ambayo hajawahi kuwa nayo maisha yake yote.

Hilo la tatu ndilo lililonikalisha niandike. Kabla hujapepesa jicho, simu imeshaamua ngozi ya mtu iwe ya rangi gani, kitambaa kionekane vipi na kivuli kiwe kizito kiasi gani. Halafu imefuta kumbukumbu yote ya kile lenzi ilichokiona. Kesho ukitaka kuurudisha weusi wa uso ule, hakuna pa kuuchukua. Na ilhali simu nyingi tunazotembea nazo, wala si zile za mamilioni peke yake, zinaweza kuambiwa zisifute. Kinachotakiwa ni programu ya kamera inayopakuliwa bure, na subira ya kukaa na picha dakika chache kabla ya kuituma.

Kihisi cha kamera, yaani kile kipande cha silikoni kilicho nyuma ya lenzi, hakijui rangi. Kazi yake ni kuhesabu mwanga. Ili rangi ipatikane, kila pikseli hufunikwa kichujio kidogo mno, chekundu, cha kijani au cha samawati, kwa mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak na kupewa hataza nchini Marekani mwaka 1976. Nusu ya vichujio hivyo ni vya kijani, robo vyekundu, robo vya samawati. Maana yake kila pikseli imeona rangi moja tu, na mbili zilizobaki hukisiwa kwa kuwaangalia majirani zake. Makisio yakishafanyika, simu hukadiria mwanga ni wa aina gani ili nyeupe itoke nyeupe, hufuta chenga, yaani zile punje punje zinazotapakaa picha ikikosa mwanga, hunoa kingo za vitu, hupandisha mwanga hapa na kuushusha pale, kisha hukibana kila kitu ndani ya faili la JPEG, mfumo uliosanifishwa mwaka 1992, zama ambazo nafasi ya kuhifadhi ilikuwa ghali kweli. Hesabu iliyoanza na uzito wa megabaiti 24 au karibu na hapo, kwa picha ya megapikseli 12, inatoka ikiwa na megabaiti tatu au nne.

Picha ghafi ni ile hesabu ya mwanzo, kabla ya mkono wa simu kuigusa. Kwenye programu utaikuta imeandikwa RAW, na faili lake mara nyingi huishia na herufi DNG. Mfumo huo wa DNG ulitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 2004, na uko wazi kwa yeyote kuutumia bila kulipia. Herufi zake zinasimama badala ya negativu ya kidijitali, na waliokulia enzi za filamu wataelewa mara moja. Studio kama Capital Art ya Mji Mkongwe, Zanzibar, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ziliishi kwa negativu. Mteja aliondoka na picha yake ya karatasi, negativu ikabaki, na miaka ishirini baadaye ungeweza kuchapa nyingine kutoka pale pale. Fundi wa chumba cha giza aliweza kuukinga uso kwa kiganja wakati wa kuchapa ili utoke na nuru zaidi, kisha akaiongezea kanzu sekunde chache za mwanga ili tarizi lijitokeze kwenye karatasi. Ujuzi huo wote ulikuwa mikononi mwa mtu aliyemwona mteja kwa macho yake. Simu ya leo humkabidhi mteja karatasi na papo hapo huichoma negativu moto.

Kwenye simu jambo hili halina umri mkubwa. Oktoba 2013, mjini Abu Dhabi, Nokia ilizindua Lumia 1520 iliyoweza kuhifadhi faili za DNG. Mwaka uliofuata Google ilifungua mlango huo ndani ya Android 5.0, na mwaka 2016 Apple ikawaruhusu watengenezaji wa programu nyingine kuchukua picha ghafi kutoka kwenye iPhone kupitia iOS 10. Mwishoni mwa 2020 ikaja ProRAW, ya iPhone za daraja la juu. Neno la kushika hapo ni programu nyingine. Mara nyingi kamera iliyokuja na simu haikupi uwezo huu, lakini programu ya mtu wa pembeni, kwenye simu ile ile, inaweza kukupa.

Turudi kwenye ngozi, maana hapo ndipo hesabu zinapotugusa sisi. JPEG ina ngazi 256 kwa kila rangi, kuanzia nyeusi tii hadi nyeupe pe. Picha ghafi yenye biti 10, inayopatikana kwenye simu nyingi, ina ngazi 1,024. Yenye biti 12 ina 4,096. Ukiishia hapo utadhani mambo ni mteremko. Lakini ngazi hizo hazigawanywi sawasawa. Mpiga picha hupima mwanga kwa hatua, na kila hatua moja kwenda chini ni nusu ya mwanga wa hatua iliyo juu yake. Kihisi kinahesabu mwanga kama ulivyo, kwa hiyo hatua ya juu kabisa peke yake inachukua nusu ya ngazi zote: 512 kati ya 1,024. Ya pili inapata 256, ya tatu 128, ya nne 64, ya tano 32. Kanzu iliyo juani imekaa kule juu kwenye utajiri. Uso mweusi ambao jua limeupa kisogo unaweza kuwa hatua nne nzima chini ya kanzu, ukigawana ngazi 32. Mikunjo ya paji la uso, wekundu wa midomo, kovu dogo la utotoni, vyote hivyo vinatakiwa vikae ndani ya ngazi 32.

Ndiyo maana ngozi nyeusi haitaki uzembe. Mpiga picha anayempiga picha mtu mweupe mbele ya ukuta mweupe anaweza kukosea kidogo na mambo yakaenda. Wetu akikosea kidogo anampoteza mtu. Na ndiyo maana pia simu, ikijaribu kuokoa jahazi, inaharibu zaidi: chini kule kwenye ngazi chache ndiko kunakojaa chenga, na programu ya ndani ya simu haina njia ya kujua kama kinachoonekana shavuni ni chenga au ni tundu la ngozi. Inafuta vyote. Sura inabaki nyororo kama nta.

Nilimwonyesha bibi mmoja wa Tanga picha niliyompiga kibarazani kwake, kama ilivyotoka kwenye simu. Akaisogeza karibu na macho, akaipeleka mbali, akaisogeza tena.

“Mjukuu wangu, huyu ni nani?”

“Ni wewe, bibi.”

“Mimi si mweupe hivi. Na mikunjo yangu umeipeleka wapi?”

Simu ilikuwa imehifadhi na faili ghafi pembeni, kwa hiyo nikalifungua pale pale. Mwanzoni lilikuwa limepauka na halina mvuto, kama picha ghafi zote zilivyo kabla hazijahudumiwa. Nikaushusha mwanga wa jumla, nikaongeza weusi kidogo chini, nikaipunguza ile samawati iliyotoka kwenye turubai la jirani. Mistari ya paji la uso ikarudi, ukarudi ule mng’ao wa ngozi iliyopakwa mafuta ya nazi, ikarudi na alama ya shanga shingoni. “Haya,” akasema, “huyu namjua.”

Tatizo hili ni kongwe kuliko simu. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak ilizipelekea maabara za kusafisha picha kadi za kulinganishia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu. Zikaitwa kadi za Shirley. Fundi akiona ngozi ya Shirley imetoka vizuri, alihesabu mashine yake iko sawa, na kila aliyefuata alisafishwa kwa kipimo hicho hicho. Ilichukua hadi miaka ya 1990 Kodak kutoa kadi zenye watu wa rangi mbalimbali. Mwaka 2021 Google, ilipotoa simu za Pixel 6, ilitangaza mfumo iliouita Real Tone, uliotengenezwa mahsusi ili ngozi nyeusi zitoke jinsi zilivyo. Ni hatua njema na ninaipongeza kwa dhati. Hata hivyo, hata wastani uliorekebishwa unabaki kuwa wastani, na uliyeketi kibarazani kwa bibi ni wewe, siyo mhandisi wa California. Ninaamini mwenye haki ya kusema uso ule ni mweusi kiasi gani ni yule aliyekuwepo, pamoja na mwenye uso.

Sasa vitendo. Kwenye Android mimi humwelekeza kila anayeniuliza kwenye Open Camera ya Mark Harman. Ni ya bure, haina matangazo, na msimbo wake uko wazi. Ukishaipakua, ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya kuchagua njia ambayo programu huitumia kuzungumza na kamera, weka Camera2. Baada ya hapo nenda kwenye mipangilio ya picha utafute RAW, uchague ihifadhi vyote viwili, JPEG na DNG. JPEG utaituma haraka kwa shangazi. DNG ni yako. Ikiwa chaguo la RAW halijitokezi kabisa, basi mtengenezaji wa simu hiyo hakuufungua mlango, na hakuna programu itakayoufungua kwa niaba yake. Hilo linanikera, kwa sababu simu zinazofungwa hivyo mara nyingi ni zile za bei ambayo vijana wetu wanaimudu, ilhali kihisi kilichomo ndani kina hesabu hiyo hiyo ghafi kila sekunde. Anayenunua simu na anajua atapenda kupiga picha afanye jaribio hilo dukani, kabla hajatoa pesa. Kwenye iPhone zipo Halide na Lightroom, na baadhi ya simu nyingine zina hali ya kitaalamu ndani ya kamera yake ambamo RAW imefichwa katika mipangilio.

Usishangae ukikuta simu iliyotangazwa kuwa na megapikseli 50 inakupa faili ghafi la megapikseli 12 na nusu. Vihisi vya namna hiyo huunganisha pikseli nne nne na kuzihesabu kuwa moja ili zikusanye mwanga wa kutosha. Hujaibiwa kitu.

Sheria moja ya kupiga picha ghafi inazishinda nyingine zote: usiiunguze nyeupe. Pikseli ni ndoo chini ya bomba. Ikishajaa, maji yanamwagika, na huwezi kuitazama ndoo iliyofurika ukajua ni lita ngapi zilizopotea chini. Kanzu iliyoungua imeungua, ghafi au isiwe ghafi. Kwa hiyo ndani ya Open Camera washa histogramu, yaani grafu ya mgawanyo wa mwanga, pamoja na ile michirizi ya pundamilia inayotambaa juu ya sehemu zinazoungua. Punguza mwanga taratibu mpaka michirizi itoweke kwenye kanzu, kisha simama hapo hapo. Usiendelee kushuka kwa woga, maana kila hatua unayoshuka unaukata uso nusu ya ngazi zake, na umeshaona hazikuwa nyingi. ISO, yaani wepesi wa kamera kwa mwanga, iweke chini kabisa, 50 au 100 ukiwa juani. Kasi ya shata isiwe chini ya sehemu moja ya 125 ya sekunde kwa mtu anayezungumza. Tundu la lenzi kwenye simu nyingi halibadiliki, kwa hiyo hilo lisikusumbue.

Halafu fanya jambo ambalo halihitaji programu yoyote: msogeze mtu. Mwombe mzee ageuke robo, au asogee mlangoni ambako mwanga unatoka pembeni na ukuta wa mbele unaurudisha usoni. Hatua nne za tofauti kati ya kanzu na uso zinakuwa mbili na nusu, na uso umepata ngazi ambazo huwezi kuzinunua kwa kuhariri. Nimewaona vijana wakihangaika na mistari ya kuburuta nusu saa kuokoa picha ambayo kiti kimoja kikisogezwa kivulini kingeimaliza kazi.

Usiku ni habari nyingine. Ukienda Forodhani, Zanzibar, baada ya magharibi, hali ya usiku ya simu itachukua picha nyingi mfululizo na kuzichanganya kuwa moja. Teknolojia ya kuchanganya hivyo, ambayo Google iliisambaza tangu Nexus 5 ya mwaka 2013 kwa jina la HDR+, ni kazi kubwa ya akili na siidharau. Kihisi cha megapikseli 12 chenye pikseli za mikroni 1.4 kina eneo la milimita za mraba zisizofika 24, wakati kihisi cha kamera kubwa ya wanahabari kina 864. Kitu kidogo hivyo hakina budi kusaidiwa. Picha ghafi moja, bila msaada wa kuchanganywa, itatoka na chenga tele, na kingo zake huenda zikawa na giza au kupinda, kwa kuwa hata kasoro za lenzi hazijarekebishwa. Anayesema ghafi ni bora siku zote hajawahi kupiga picha watoto wanaoruka majini saa kumi na mbili na nusu jioni.

Lakini Forodhani hiyo hiyo, hali ya usiku huufanya usiku kuwa mchana. Moshi wa mishikaki, unaosogea kati ya picha moja na nyingine, unachanganywa na kuchanganywa mpaka unapotea. Moto wa mkaa unageuka doa la chungwa. Mkamua miwa, ambaye taa nyeupe inamuangaza upande mmoja na balbu ya manjano upande wa pili, anasawazishwa mpaka anafanana na mtu aliyekaa ofisini. Faili ghafi la pale, hata kwa ISO 800, lina chenga, naam, lakini moshi umo. Na taa zile mbili zinasubiri uamuzi wako, kwa sababu mizani ya rangi nyeupe haijapigwa muhuri ndani ya faili: unaweza kusema nyumbani kwamba mwanga wa kuaminiwa ni ule wa balbu ya manjano, karibu Kelvini 2,800, ukaiacha taa nyeupe iende zake kwenye samawati. Ngozi inabaki na joto lake. Chenga kidogo hazijamuua mtu. Zilikuwepo kwenye filamu na tulizipenda.

Kuhariri si lazima kuwe na kompyuta. Snapseed, ya bure, inafungua DNG kwenye simu. Mimi huanza na mizani ya rangi, nikiangalia kitu ninachojua rangi yake, mara nyingi kitambaa cheupe kilicho kwenye mwanga ule ule wa uso. Kisha nashusha sehemu zenye mwanga mkali mpaka tarizi lionekane, ndipo ninaponyanyua vivuli, na hapa mkono unatakiwa uwe mwepesi. Uso mweusi hauna haja ya kung’arishwa ili uonekane. Unataka utofauti wa ndani yake: upande wa mwanga uwe na mwanga, upande wa kivuli ubaki kivuli, na macho yawe na nukta zake. Nikimaliza humwita mwenye sura, kama yupo, atazame. Kunoa na kufuta chenga huja mwisho, kwa kiasi kidogo.

Gharama zipo. Faili moja la megabaiti 24 maana yake gigabaiti moja inajaa kwa picha kama 40 hivi, na simu ya gigabaiti 64 iliyojaa video za harusi haina nafasi hiyo. Kuandika faili kubwa kunachukua muda, kwa hiyo kati ya picha na picha kuna kusubiri kidogo. Picha za risiti, za kitambulisho, za mtoto anayekimbia, zipige kawaida. Ghafi iwekee picha ambayo mtu ataiweka ukutani.

Ukishapata faili, angalia unavyolituma. WhatsApp hubana picha inayotumwa kama picha, na DNG haina maana kwa mpokeaji asiye na programu ya kuifungua. Mhariri wa gazeti mtumie JPEG uliyoiandaa mwenyewe kutoka kwenye faili ghafi, ukiiambatisha kama hati ili isiguswe njiani; bando litaliwa kidogo, na ukurasa utatoka jinsi ulivyokusudia. Faili za DNG zihamishie kwenye memori kadi au diski kila mwisho wa wiki, uzipe majina ya tarehe na mahali. Programu za kuhariri zinaboreshwa kila mwaka, na faili la leo lenye chenga linaweza kufunguliwa miaka kumi ijayo kwa kifaa bora zaidi likatoa picha safi kuliko uliyoipata leo.